Samadi Juu ya Maua ya Saa Nne

Mama mkwe wangu aliondoka nyumbani kwangu kwa sababu ya maua, na kwa wiki tatu sikujua kama yuko hai. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani nimekaa hapa kumfundisha bustani. Bustani nitaieleza, maana bila bustani huwezi kuelewa nilivyopandwa na hasira, lakini maua yanaoteshwa tena. Yeye ni mmoja. Mwanamke aliyepita miaka sabini, peke yake, kwenye nyumba iliyong'olewa mabati huko Rutshuru, mwisho wa barabara ambayo leo iko wazi na kesho imefungwa. Na aliyemfanya apande minibus kwenda huko ni mimi.

Mpaka sasa nikikumbuka roho inanichemka. Nawakasirikia watu wengi, na mwenyewe sijiachi.

Parsele yetu, kiwanja na nyumba, iko mtaa wa Majengo. Asiyejua Goma nimwambie tu kwamba volkano ilishapita hapa, ikatuachia jiwe badala ya udongo. Huku hatuchimbi, tunapasua. Ukitaka shimo la choo unaita wanaume wenye mitarimbo, wanapiga siku nenda siku rudi. Ukuta wa nyumba ni jiwe hilo, ua ni jiwe hilo, barabara ni jiwe hilo limesagika. Mbele ya mlango wangu palikuwa na nafasi ya hatua tisa kwa sita, nyeusi tupu. Jua linaipiga kuanzia asubuhi mpaka jioni, na saa sita huwezi kuikanyaga bila kandambili. Jirani zangu walifagia ya kwao kila siku, kwa sababu huku mwanamke anapimwa kwa kiwanja chake. Mimi nilichoka kufagia weusi. Nilitaka rangi.

Mwalimu mwenzangu shuleni alinipa vijiti kumi vya maua ambayo tunayaita maua ya saa nne, kwa kuwa hayafunguki mpaka jua lipande vizuri, na likishuka yanajifunga. Majani yake ni madogo, manene, yamejaa maji ndani, na mmea wenyewe unatambaa chini wala haunyanyuki. Waliosoma wanaita mimea ya namna hiyo plante grasse. Nilivipanda vile vijiti siku ile ile nikavimwagia maji, vikaoza. Nikaomba vingine, nikavitafutia udongo mweusi ndoo nzima, vikaoza. Mara ya tatu mwenzangu alikuja mwenyewe kuangalia, akacheka mpaka nikamchukia.

"Unavihurumia mno," alisema. "Kata, weka kivulini siku mbili kidonda kikauke. Kisha chomeka kwenye kokoto, na uvisahau."

Kuvisahau, hapo ndipo penye kazi. Wiki nzima ya kwanza humwagi hata tone. Baadaye unangoja majani yaanze kukunjamana, ndipo unatoa kikombe kimoja, si ndoo. Mvua ikinyesha, maji yanapita katikati ya mawe na kupotea, na mimea hii inataka hivyo hivyo: inywe haraka, ikauke haraka. Vile nilivyovipanda kwenye kivuli cha ukuta vilirefuka, vikapauka, vikaegemea upande wa jua vikikataa kuchanua. Nikavihamisha juani, na baada ya wiki chache vikatoa maua. Kumbe lile jiwe tulilokuwa tukililaani miaka yote lilikuwa kitanda chao.

Nikaongeza aina nyingine. Kuna moja ya vijani vya mviringo ambayo ukiinyima maji na kuiacha juani inakuwa nyekundu, ukiihurumia inarudi kijani. Kuna ya zambarau, ambayo ikivunjwa kipande kinaota pale kilipoanguka. Kuna ya maua ya njano, madogo kuliko kucha ya kidole kidogo. Baada ya miaka minne nafasi yote ilikuwa imefunikwa: waridi, chungwa, njano, nyeupe, na katikati yake nyekundu na zambarau. Jumamosi saa nne nilikuwa nasimama mlangoni na chai yangu, nakiona kiwanja kizima kinafunguka. Sikuwa na kitu kingine kilichokuwa changu peke yangu, na nakisema hicho bila haya.

Halafu kuna maji, na kwa habari ya maji usiniguse. Robine ya avenyu yetu, bomba moja la mtaa mzima, ikitoa maji mara mbili kwa wiki tunashukuru. Tunapanga bidoni, madumu yetu ya njano, kabla ya mapambazuko, tunasukumana, tunatukanana na watu ambao Jumapili tunapeana nao amani kanisani. Maji ya kuoshea mboga ndiyo yanayofua matambara, na ya kufua matambara ndiyo yanayosafisha choo. Ua linalotaka bidoni kila jioni ni ua la matajiri wa kando ya ziwa. Yangu yalikuwa maua ya mwanamke wa Majengo.

Mama mkwe alifika kwangu wakati watu wa kwao walipokuwa wakikimbia vita. Alikuwa na kifurushi cha nguo, redio ndogo na jembe. Mume wangu anafanya kazi Bukavu, ng'ambo ya ziwa, anakuja mara moja baada ya miezi kadhaa, na watoto wetu wameshaondoka nyumbani. Kwa hiyo tulikuwa wanawake wawili.

Mama yangu mzazi alinilea hivi: mama ya bwana wako hagusi sufuria kwako. Hafagii. Hachoti maji. Ukimwona ameshika ufagio na wewe umekaa, umejivua nguo mbele za watu. Basi nilimwekea kiti mlangoni, kile chenye mto. Nilimwekea thermos ya chai. Alipotaka kunawa nilimmiminia maji mikononi. Alipoinuka nilimwahi.

"Mama, kaa. Pumzika."

"Sijachoka, mutoto yangu."

"Hapana, Mama. Umefanya kazi ya kutosha. Kaa."

Miezi minane. Siku moja nilimkuta anamenya viazi, nikamnyang'anya kisu kwa unyenyekevu kabisa, na mikono yote miwili, kama tunavyofundishwa. Wamama wa kanisa walinisifu. Walisema mimi ni mkaza mwana wa mfano, na mimi nikavimba kichwa. Usiku nilikuwa nachoka mpaka miguu inawaka, lakini nilijisikia mwema sana.

Maua hakuyapenda. Siku ya kwanza aliyazunguka, akainama, akachuma jani, akalinusa.

"Hii inaliwa?"

"Hapana, Mama."

"Ng'ombe inakula?"

"Hapana."

"Basi iko ya nini?"

"Ya kuangalia."

Akanitazama kwa huruma, namna unavyomtazama mtu aliyetapeliwa sokoni na hajajua. Mtu wa Rutshuru, kwao ukitupa mbegu ya boga nyuma ya jikoni kesho unalifukuza boga lisiingie ndani. Kwake udongo ni mweusi, unaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akiona mmea umelala chini na majani yamekuwa mekundu, haoni uzuri. Anaona njaa. "Hii mutu ameinyima," aliniambia. "Iko inalia." Nilimweleza mara mbili kwamba ndivyo inavyopenda. Aliitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia mtoto anayekusimulia ndoto.

Kisha shule ikanituma Bukavu kwenye mafunzo ya wiki mbili. Nilimwachia jirani wa mlango wa pili chakula chote, nikampa na agizo: apike kwake, alete, Mama asiguse kitu. Nikapanda boti nikiwa na amani, na ndiyo maana siwezi kuisamehe amani ile.

Niliporudi, harufu ilinipokea kabla ya lango. Samadi ya mbuzi, mbichi. Nikasukuma lango. Miaka yangu minne ilikuwa imefunikwa udongo mweusi mpaka shingoni, umepangwa matuta mazuri kabisa, umenyooka, na samadi imerundikwa kwenye kila shina kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake. Katikati ya matuta maharage yalishaota majani mawili mawili. Kwa mbali ungesema shamba limestawi. Maua yalikuwa yamenenepa, yamekuwa kijani cha kupita kiasi, hakuna hata moja lililofunguka, na ilikuwa saa tano, jua kali. Nikapiga magoti, nikashika shina moja. Likaachia bila kuvutwa. Likabaki mkononi kama mboga iliyopikwa ikalala. La pili vile vile. Ile ya vijani vya mviringo ilishageuka maji. Nikaangalia ukutani: bidoni zangu saba, zote tupu. Za kunywa pia.

Yeye alisimama pembeni na jembe lake, mikono nyuma, anangoja kusifiwa.

"Umeona?" alisema. "Sasa imeanza kushiba."

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Miaka ishirini ya ndoa sikuwahi kumjibu mama yule hata kwa kukohoa. Nilimuuliza nani amemtuma. Nilimuuliza kama anajua maji yanatoka wapi, kama aliwahi kuniona nikipigania robine, au anadhani bidoni zinajijaza. Nilimwambia ameua kitu changu kimoja, kimoja tu, na anasimama hapo anatabasamu. Na kwa kuwa mdomo ulishafunguka, nikamalizia: "Hapa si shamba lenu. Shamba lenu limekwisha. Hapa ni kwangu."

Jirani wa mlango wa pili alikuwa langoni, akarudi kwake kimya kimya. Mama mkwe aliniinulia macho haraka. Kitu kilipita usoni mwake, nikakichukua kuwa uchungu. Nikaingia ndani nikafunga mlango wa chumba, na siku ile hakuna aliyekula.

Asubuhi nilikuwa na aibu. Niliamka mapema, nikakaanga mayai, nikatafuta mkate, nikapanga kwenye sahani ya wageni. Nikainama mbele yake. "Mama, umelala vizuri? Karibu chai, Mama." Sauti yangu ilikuwa laini, ya kusoma somo altareni. Aliitazama ile sahani. "Asante, mutoto yangu," alisema. Hakuyagusa mayai. Aliingia ndani, akatoka na kifurushi chake.

Nilimfuata mpaka kwenye minibus nikimbebea kifurushi, nikimbembeleza kwa adabu zote. Alijibu kwamba anakwenda kuangalia shamba. Niseme ukweli: sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inasema nenda basi. Sehemu ile ilinyamaza minibus ilipokata kona.

Siku ya tatu tukasikia barabara imefungwa. Simu yake haikuita tena. Mume wangu alipiga kutoka Bukavu, nikamweleza, na aliposikia kwamba ni maua hakuamini.

"Umemutuma mama yangu kwenye vita sababu ya majani?"

"Si majani. Na sikumtuma."

"Basi nani?"

Nikakata simu. Alikuwa na haki, na nilimchukia kwa hiyo haki. Yeye aliyekuwa mbali, yeye ambaye kwa miezi minane neno lake lilikuwa moja tu, "umuvumilie", leo ana midomo. Wamama wa kanisa nao wakapunguza salamu. Kutoka mkaza mwana wa mfano mpaka mchawi ilichukua siku nne.

Wiki zile tatu nilizimalizia kwenye kiwanja. Nikitoka shule navua viatu, napiga magoti, naanza kuondoa udongo kwa mikono nikiwa nimekasirika mpaka kucha zinauma. Kila shina nilifuata mpaka kwenye ncha. Mara nyingi ncha iko nzima wakati chini pameshaoza. Unakata juu kabisa ya uozo, unaangalia kama ndani pana rangi ya kahawia, ikiwepo unakata tena, mpaka uone kijani safi. Nilipata vijiti vya kujaza sinia moja. Nikavilaza kwenye gazeti kivulini, nikavichomeka kwenye kokoto tupu baada ya siku mbili. Maharage niliyahamishia kwenye matairi ya zamani kando ya ukuta, maana yalikuwa hayana kosa. Udongo nikauzoa kwa beseni na kuurundika pembeni.

Jirani alikuja siku moja akanikuta nachota. Akasimama, akasema, "Ile udongo ilitoka kwao." Nikamuuliza kwao wapi. Akaniambia kwamba mama wa Rutshuru anayeuza kabichi barabarani alileta magunia matatu, kutoka kilima cha kwao na Mama, na Mama alimpa kitenge.

"Kitenge gani?"

"Ile mupya. Yenye ulimununulia."

Kitenge nilichokitafuta nusu ya siku sokoni nikichagua rangi ya heshima. Alikitoa kununua udongo, akaulisha maua yangu. Nilikaa chini kwenye jiwe la moto na sikujua nimkasirikie nani kwanza. Nikalia kwa hasira, kama kuna kitu cha namna hiyo, na huku jirani anajifanya anaangalia maharage.

Barabara ilifunguliwa. Siku mbili baadaye simu iliita, namba nisiyoijua, na ni yeye, kwa simu ya kuazima, anapiga kelele kama watu wa umri wake wanavyopiga, akidhani umbali unazibwa kwa sauti. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikayaanza: "Mama, ninakupigia magoti, unisamehe, siku ile nilikukosea—"

"Acha hiyo," alisema. "Siku ile ulinigombeza vizuri."

"Vizuri namna gani?" nikamuuliza.

"Nilisema kwa roho yangu, leo nimeingia kwa mutoto yangu. Miezi munane uko unaniweka kwenye kiti kama picha. Kaa Mama, pumzika Mama. Hata mutu hanikatalii, hata hanijibu. Siku ile ukanipigia kelele kama mutoto wa kuzaa. Nililala vizuri."

"Basi mbona uliondoka?"

"Uliamuka na mayai," alisema.

Wiki tatu nimekuwa nikijichapa kwa maneno niliyomtupia, kumbe hakuyakimbia maneno. Alizikimbia adabu zangu. Alikimbilia kwenye risasi kuliko kukaa tena kwenye kile kiti chenye mto. Na hapo, badala ya kumshukuru Mungu kwamba yuko hai, hasira ilinipanda upya, kubwa kuliko ya kwanza.

"Na wewe," nilimwambia, "ulishindwa kusema? Mdomo ulikuwa huna?"

"Ungeniambia nipumuzike."

"Basi sikiliza." Nikamwambia yote. Kwamba redio yake inaamsha avenyu nzima. Kwamba anaanika nguo mbichi juu ya viti vya sebuleni. Kwamba anawaambia wageni nyumba yangu ina baridi. Kwamba kitenge kile nilikitafuta kwa miguu yangu na alikitupa kwa magunia matatu ya uchafu. Kwamba ameniulia maua ya miaka minne na hajasema pole hata ya uongo. Nilisema nikiwa nimesimama katikati ya kiwanja, jirani wote wanasikia, na sikujali. Yeye alisikiliza. Nilisikia pumzi yake na kuku nyuma yake.

"Umemaliza?"

"Bado. Rudi."

"Pole ya maua," alisema. "Sasa ngoja nikuambie yako. Mboga yako ya sombe haina chumvi. Tangu mwaka ya ndoa haina chumvi, na nilinyamaza. Ya pili—" Simu ikaisha yunite, ikakatika.

Kesho yake akaazima nyingine akafika mpaka kosa langu la tisa. Ijumaa alishuka kwenye minibus na kifurushi kichwani, akaniona, na kabla hajakitua chini akaendelea na la kumi.